Omwihwa na Flashi ya Jovitha

Jumatatu asubuhi, siku moja tu baada ya kipaimara cha binti yake, Jovitha alipeleka mkono shingoni akakuta shingo tupu. Akapapasa tena, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Hakuna kitu. Ndipo akakumbuka: jana, wakati wa kuepua ndizi za mwisho, mvuke ulimzidi, akaivua ile kamba na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Akaenda kuangalia. Msumari upo, kamba haipo.

Asiyemjua angesema, flashi tu hiyo, si ya kumfanya mtu asimame amejishika kiuno huku uji unafurika na kuzima moto. Lakini mtaa mzima wa Bakoba ulijua kwamba ofisi ya Jovitha ilikuwa inaning'inia shingoni mwake. Kompyuta hakuwa nayo. Alikuwa anapanga kazi yake kwenye mashine za watu: leo kwa Mwajuma mwenye steshenari, kesho kwenye ofisi ya wakili aliyesafiri, keshokutwa kwenye laptopu ya katibu wa kwaya. Na Mwajuma, pamoja na urafiki wao wote, alikuwa na sheria moja: kwenye mashine zake haongezi mtu programu. Vijana wa chuo walishamjazia mavitu mpaka mashine zikawa zinawaka kwa kusitasita kama pikipiki yenye maji kwenye tangi.

Kwa hiyo Jovitha alijifunza kutembea na programu zake. Ya kusafisha picha ilikuwa humo, ya kupanga vitabu na kadi humo, ya kukata video humo, hata ile ya kufufua mafaili yaliyofutwa. Hazikuhitaji kuwekwa kwenye mashine ya mtu. Unachomeka flashi, unafungua, unafanya kazi, unafunga, unachomoa, na kompyuta ya mwenyewe inabaki kama ulivyoikuta. Kadi za harusi, ratiba za mazishi, vyeti vya semina, vyote vilitoka kwenye kidude kisichozidi kidole gumba. Na kwa sababu wateja wake wengi walikuja na watoto, na watoto hawajui kusubiri, alikuwa ameweka na gemu mle: ya pikipiki, na moja ya mpira iliyokuwa tamu kuliko zote.

"Dastan!" akaita. "Umeona flashi yangu?"

Mume wake alikuwa sebuleni, miguu juu ya stuli, anatafuna buni za kahawa zilizobaki kwenye kikapu cha wageni. Akacheka kwanza, kisha ndio akajibu.

"Omwihwa kapita nayo."

"Kapita nayo wapi?"

"Kwao Kamachumu. Jana alinionyesha pale mlangoni anaondoka. Akaniambia, mjomba, na hii nimechukua. Nikamwambia chukua bwana, ungeondoka mikono mitupu ningekushangaa."

Jovitha alikuwa anatafuta neno ambalo Dastan angelielewa.

Kwenye ukoo wa Dastan, mtoto wa dada, omwihwa, ana ruhusa yake. Akifika kwa mjomba haombi. Anaona kitu, anakipenda, anakibeba, na mjomba anatakiwa acheke. Ukimkasirikia omwihwa, wanasema, nyumba inaingiwa na mkosi: kuku hawataatamia, migomba itanyauka. Na Mugisha, mtoto wa dada mkubwa wa Dastan, alikuwa omwihwa aliyeijua haki yake kuliko anavyojua Baba Yetu. Tangu Jovitha aolewe alishamwona akiondoka na jogoo, na redio, na buti za mvua za Dastan (Dastan akaenda kazini na kandambili wiki nzima, anacheka), na godoro la wageni, tena akiwa mgeni wa kwanza kulilalia.

Na Jovitha alikuwa anacheka nao. Alipenda watu. Alipenda nyumba ikijaa mpaka wengine wakae juu ya ndoo zilizofunikwa, alipenda kusikia nani kaachwa, nani kajenga, nani kamfukuza mchungaji. Jogoo ni nini? Redio ni nini? Vilikuwa vitu vya Dastan, na Dastan alikuwa anafurahi.

"Ile flashi," akasema taratibu, "ni ya kwako?"

"Jovi."

"Nakuuliza. Ni ya kwako?"

"Ilikuwa ndani ya nyumba yangu, mama. Mtoto anajuaje?"

"Wewe ulijua!"

Dastan akatema ganda la kahawa kiganjani. "Kifaa cha plastiki. Nitakununulia kingine."

Hapo Jovitha akahisi joto la hasira likimpanda mpaka masikioni. Maana Dastan alijua, au angejua kama angekuwa anasikiliza, kwamba ndani ya hicho kifaa cha plastiki walikuwamo watoto wote wa shule ya chekechea ya Madamu Nancy. Mahafali ilikuwa Jumamosi. Nancy alitaka kitabu: kila mtoto ukurasa wake, amevaa joho, na chini yake maneno anayosema atakuwa nani akikua. Jovitha alikuwa amewapiga picha siku ya mwisho ya masomo, mmoja mmoja, akiwafuta kamasi kwa khanga yake mwenyewe, halafu akazihamishia picha kwenye flashi na kuifuta kamera, kwa kuwa kamera yenyewe ilikuwa ya kukodi. Sasa shule ilikuwa imefungwa na watoto wametawanyika kwa bibi zao, huyu Kyaka, yule Ngara, mwingine Mwanza. Wangerudi siku ya mahafali tu. Na Nancy alikuwa amesema kwa mdomo wake: kitabu kikipendeza, kazi zote za shule, mwaka mzima, zitakuwa za Jovitha.

Akampigia Mugisha.

"Anti wa mimi!" Sauti ya Mugisha ilikuja na kelele nyuma yake, kama yuko mnadani. "Mmeamkaje? Wageni wameondoka?"

"Mugisha, nirudishie flashi yangu leo."

"Ipi? Ile ya mjomba?"

"Ni ya kwangu."

"Aah, Anti, usiniambie unaninyima! Mimi ni omwihwa, bwana, nimechukua changu."

"Kuna kazi za watu humo. Usifute kitu. Umenisikia? Usifute kitu chochote."

"Hakuna shida, Anti. Vitu vyako vipo, nimevisogeza kidogo tu vipishe." Nyuma yake watu wakapiga kelele za bao, naye akakata simu.

Nimevisogeza kidogo. Jovitha alilala na maneno hayo, akaamka nayo.

Dastan akaahidi kuongea na dada yake. Jumanne jioni alikuwa bado anatafuta namna ya kuanza. Omwihwa hadaiwi, akaeleza, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mvua inanyesha. Inabidi uende kwa mama yake na kitu mkononi, ukae, upewe kahawa, mcheke, halafu mwishoni kabisa useme, kile kidude bwana, mke wangu anakililia. Hapo labda.

"Labda," Jovitha akasema.

"Ndiyo utaratibu wetu."

"Utaratibu wenu una mahafali Jumamosi?"

Jumatano Mwajuma akamwita kutoka ng'ambo ya barabara, anapunga mkono na karatasi bado iko kwenye printa. Mwajuma akiwa na habari hasubiri uvuke.

"Wewe! Huyo mpwa wenu ni tajiri sasa hivi! Kuna mama katoka Kamachumu leo asubuhi kuja kutoa kopi hapa. Anasema Mugisha kafungua nyumba ya gemu, vijana hawaendi shambani, wake za watu wanalalamika. Ana kompyuta kuukuu alizonunua kwenye ofisi iliyofungwa. Zimefungwa kwa namba za siri za wenyewe, haziruhusu uweke kitu, zimekaa kwake kama matofali toka mwaka juzi. Sasa kapata flashi ya ajabu, anasema. Anachomeka tu, gemu inacheza. Leo wana fainali, watu wanatoka mpaka Muleba mjini!" Mwajuma akashusha sauti, jambo asilolifanya mara nyingi. "Ni ile ya kwako, shoga?"

"Ni ile ya kwangu."

"Alijuaje kama inacheza bila kuwekwa?"

Jovitha alijua. Jumapili, katikati ya sherehe, watoto walikuwa wamezunguka laptopu ya mgeni mmoja wanacheza ile gemu ya mpira ya kwenye flashi, na Mugisha akainama, akauliza, hii umeiweka saa ngapi? Naye Jovitha, sahani mkononi, anaona raha nyumba imejaa, akamweleza yote kwa maringo. Hii haiwekwi, mwanangu. Hii unachomeka tu.

"Nipe nauli ya kuendea huko," akamwambia Mwajuma. "Na waya wa simu."

Gari lilipoacha Muhutwe na kuanza kupandisha kwenda Kamachumu, Jovitha hakutazama ziwa wala migomba. Alikuwa anapanga maneno. Aliyapanga kwa Kiswahili, akayabomoa, akayapanga kwa Kihaya yakawa makali zaidi. Abiria wa pembeni, mama mwenye mfuko wa senene hai, wale panzi wa kuliwa, wanaokwaruzana ndani, akamuuliza, "Waitu, mwenzangu, unakwenda msibani?"

"Bado," Jovitha akajibu, na yule mama akasogeza mfuko wake.

Nyumba ya gemu haikuhitaji kuulizwa. Pikipiki zilikuwa zimeegeshwa nje kama kuna kampeni. Chumba kilikuwa duka la zamani la pembejeo, bado kinanuka dawa ya mibuni, na ndani vijana walibanana wamesimama juu ya viti, juu ya meza, wengine wamening'inia dirishani. Kompyuta nyingine zilikuwa zimezimwa, zimefunikwa gunia. Iliyowaka ilikuwa moja, imeunganishwa na televisheni kubwa ukutani, na mbele yake walikaa vijana wawili wametoa jasho. Mmoja aliitwa Najibu. Ukumbi ulikuwa unaimba jina lake.

Na pale ubavuni mwa kompyuta, Jovitha akaiona. Flashi yake. Kamba yake ya bluu ilikuwa imekatwa, na mahali pake Mugisha amepitisha kipande cha mpira wa baiskeli, akakifunga kwenye mguu wa meza kwa mafundo kama anafunga ng'ombe.

"Anti!" Mugisha akamwona, akapanua mikono. Alikuwa kijana mnene mwenye uso wa furaha, uso usioweza kuchukiwa mpaka ufike siku kama hiyo. "Jamani mpisheni Anti, huyu ndiye mke wa mjomba wangu! Mleteeni kiti!"

"Hiyo umeifunga ya nini?"

Mugisha akatazama mpira wa baiskeli, akatingisha kichwa kwa masikitiko. "Anti, watu wa hapa ni wezi. Ukigeuka tu, wanabeba."

Kama angesema kitu kingine chochote, labda Jovitha angekaa kwenye kile kiti. Lakini alisema hicho. Maneno yote aliyoyapanga tangu Muhutwe yakamtoka kichwani, akabaki na miguu tu, na miguu ikampeleka moja kwa moja kwenye meza.

"Folda ya watoto iko wapi?"

"Watoto gani?"

"Picha! Watoto wa majoho! Iko wapi?"

"Aah, zile." Mugisha akajikuna. "Zile zilikuwa zinajaza, Anti. Gemu ikitaka kusevu inagoma, inasema nafasi hakuna. Na zilikuwa picha za watoto wa watu tu, hata sio wa ukoo. Nikazitoa."

"Uliniambia umezisogeza."

"Nilizisogeza... nje."

Watu wakacheka. Jovitha hakucheka. Kitu kikifutwa kwenye flashi hakiendi kwenye pipa la takataka ukakiokote, kinaondoka. Lakini alijua pia kwamba hakiondoki chote mara moja. Kinabaki pale kimefichika, mpaka kitu kingine kije kikae juu yake. Ile programu yake ya kufufua ingeweza kukitoa, kama hakuna aliyekikalia. Na hawa walikuwa wanacheza tangu Jumatatu. Kila mechi ikiisha, matokeo yanasevu. Kila bao zuri, wanasevu marudio yake ili watazame tena. Kwenye televisheni Najibu alikuwa amefunga, na maandishi yalikuwa yanauliza: hifadhi marudio?

"Usibonyeze!" Jovitha akapiga kelele. "Usibonyeze hapo! Kila mnachosevu kinazika mtoto mmoja!"

Vichwa vyote vikamgeukia. Si kwa kuelewa. Ni kwa namna alivyosema.

"Mtoto nani kafa?" mtu akauliza dirishani.

"Anti," Mugisha akasema, sasa bila kicheko, "ni fainali. Watu wamelipa kiingilio. Imebaki nusu saa, kaa unywe soda, nikimaliza..."

Jovitha akaishika ile flashi kwa vidole viwili.

"Usichomoe!" Mugisha akaruka. "Anti, usichomoe inacheza, itakufa!"

"Kumbe unajua inaweza kufa."

"Anti, tafadhali."

"Toka kwenye gemu. Bila kusevu. Sasa hivi, la sivyo naing'oa, iungue, tukose wote, na hawa watu utawaeleza mwenyewe."

Waliokuwa nyuma wakaanza kuzomea. Mmoja akasema mama huyu ana mapepo, mwingine akataka arudishiwe hela yake, na kwenye kona wawili wakaanza kusukumana. Jovitha hakugeuza kichwa. Alimwona Mugisha anamtazama vidole, anatazama televisheni, anatazama watu. Kisha Mugisha akamgusa Najibu begani. "Toka. Usisevu."

"Naongoza mbili bila!"

"Toka, bwana!"

Najibu akatoka, anatukana kwa sauti ya chini, na Jovitha akakaa kwenye kiti chake kikiwa bado cha moto.

Alifungua programu ya kufufua kutoka kwenye flashi hiyohiyo. Angalau hiyo Mugisha hakuitupa, hakujua ni ya nini. Akaielekeza picha zitakazopatikana zitue kwenye kompyuta, zisirudi kwenye flashi kukaliana. Kamstari kakaanza kutembea. Kalitembea polepole kama bibi anayekwenda kliniki. Na kwa sababu kompyuta ilikuwa imeunganishwa na ile televisheni, chumba kizima kikabaki kinatazama.

Ndipo akaingia Ma Kokugonza, mama yake Mugisha, dada mkubwa wa Dastan. Mtu alikuwa ameshamkimbilia na habari. Alikuwa na jembe mkononi, udongo mbichi bado umeshika.

"Jovitha! Umekuja kumpora omwihwa?"

"Shikamoo, Ma Koku. Nimekuja kuchukua kitu changu."

"Kitu cha kwa mjomba wake!"

"Mjomba wake ni Dastan. Mimi Dastan sikuzaliwa naye. Achukue vya Dastan. Achukue suruali yake, amechukua redio nimesema kitu? Nilisema kitu siku ya godoro?"

"Nyumba ya mjomba haina chumba cha mke na chumba cha mume. Ni nyumba moja. Kilichomo ni cha mjomba. Sisi tulivyoolewa hatukubeba mizani kupima hiki changu, hiki chake."

"Ndiyo maana mpaka leo unalima shamba la mtu, Ma Koku!"

Ooh, sauti ikatoka chumba kizima. Jovitha mwenyewe akaisikia kauli yake na kujua imeshatoka, haifutwi na programu yoyote. Ma Kokugonza akachomoa simu kifuani, akabonyeza, akaiweka spika na kuinyanyua juu ili ukoo, ukumbi na Kamachumu yote isikie.

"Dastan! Mkeo yuko hapa anamtukana dada yako, anamnyang'anya omwihwa mbele ya watu!"

Simu ikakoroma kidogo. "Jovi? Jovi, uko Kamachumu?"

"Niko Kamachumu."

"Mke wangu." Sauti ya Dastan ilikuwa ya upole, ile sauti ambayo siku zote ilimshinda. "Usitutie aibu. Mwachie mtoto kitu chake, urudi nyumbani. Tutanunua kingine."

Chake.

Jovitha aliisubiri hasira ije kama ilivyokuja mwanzo, na joto na masikio. Haikuja hivyo. Ilikuja baridi, ikakaa. Alikuwa amemkasirikia mtoto mnene mwenye mpira wa baiskeli, amemkasirikia mwanamke mwenye jembe, kumbe siku zote mlango ulikuwa umefunguliwa na mtu mwingine, kutoka ndani, tena anacheka.

Akaipa simu mgongo. Kwenye televisheni picha ya kwanza ilikuwa imetokea.

Ilikuwa ya kitoto cha kike chenye joho linaloburuzika, kimekunja ngumi kama kinataka kupigana na kamera. Ikafuata ya mwingine asiye na meno ya mbele. Ikafuata ya mvulana aliyekuwa analia siku ile mpaka Jovitha akamchezea ngoma. Zikawa zinashuka moja moja, na vijana waliokuwa wanazomea wakawa wanasema, "Huyo!" na "Mcheki huyo kichwa!" Halafu ikaja moja iliyokatika: nusu ya juu uso unacheka, nusu ya chini kijivu tupu. Na nyingine ina macho tu. Na nyingine jina lipo, picha hakuna.

"Hiyo imekuwaje?" Najibu akauliza.

"Hiyo ni bao lenu," Jovitha akasema.

Hakuna aliyecheka tena. Mugisha alikuwa amesimama nyuma ya kiti, anatazama ile kijivu kwenye skrini. Alinyoosha mkono kama anataka kusaidia kitu, akaurudisha.

"Anti, mimi nilidhani ni za mjomba tu," akasema mwishowe, polepole, kwa Kihaya.

"Najua ulichodhani."

Akazihamishia picha kwenye simu kwa waya wa Mwajuma. Akafunga programu moja moja, akaiambia kompyuta iitoe flashi salama, akasubiri iseme ndiyo, ndipo akaichomoa. Yale mafundo ya mpira yakamshinda kufungua. Akamtazama Mugisha, Mugisha akatoa wembe akakata.

"Ukitoka nayo hapo," Ma Kokugonza akasema, simu bado iko juu, "mimi na wanangu hatukanyagi kwako tena. Utapika, utakula peke yako."

Hilo lilimchoma, na Ma Koku alijua litamchoma. Jovitha bila wageni ni kama nyumba bila mlango. Akasimama kidogo na flashi kiganjani. Kisha akapita katikati ya vijana, wakampisha.

Kitabu kikatoka. Siku zilizobaki alishinda kwa Mwajuma akikipanga, na kwa wale watoto waliokatika alipiga simu kwa wazazi akiwabembeleza watume picha yoyote kwenye simu: mmoja akaja na picha yuko kwenye beseni anaoga, mwingine amebebwa mgongoni, anaonekana sikio. Akakata, akasafisha, akamvalisha mtoto wa beseni joho la mwenzake. Kwenye mahafali wazazi waliokuwa na kurasa nzuri walifurahi. Mama wa mtoto wa sikio alikuja kumuuliza kwa nini wa kwake tu ndiye yuko vile. Na Madamu Nancy, mtu mstaarabu, hakusema neno baya hata moja. Alipindua kurasa, akafika kwenye ule wa sikio, akafunga kitabu. "Tumeshukuru," akasema. "Ya mwakani tutaona." Jovitha aliijua maana ya kuona.

Jumapili Dastan alirudi ibadani na mpango. Alikuwa ameongea na dada yake, kelele zimepungua. Ingetakiwa Jovitha aende Kamachumu na kuku, aseme kidogo tu, Ma Koku angekaza uso, angelegea, wangekunywa kahawa, yaishe. "Na Mugisha mwenyewe hana kinyongo," akasema, akijimiminia kahawa. "Anasema hata ukimletea flashi nyingine..."

Hakumaliza, kwa sababu mkokoteni ulikuwa umesimama mlangoni.

Mwajuma alikuwa mbele, anaelekeza, na majirani walikuwa wameshatoka kuangalia, maana mkokoteni wa vitu mchana wa Jumapili Bakoba haupiti bila watu. Ikatolewa chumbani printa ndogo ya Jovitha. Ikabebwa mashine ya kutia plastiki kwenye vitambulisho, boksi la karatasi, taa ya kupigia picha. Mwajuma alikuwa amempa kona kwenye steshenari, na kufuli lake mwenyewe.

"Jovi, unahama?" Dastan alikuwa amesimama katikati ya sebule na kikombe.

"Sihami. Nimeolewa hapa, kulala nitalala hapa. Lakini kitu changu hakilali tena kwa mjomba." Akampisha kijana wa mkokoteni apite na kiti. "Mkisema kilichomo ndani ni cha mjomba, sawa. Nimekubali. Nahakikisha tu kilichomo ni cha mjomba kweli."

"Watu wanatuangalia!"

"Waangalie. Si wewe uliyesema kwenye spika?"

Jirani mmoja mlangoni akakohoa kuficha kicheko. Dastan akashusha sauti. "Nilikosea kusema vile. Haya, nimesema. Nilikosea."

Jovitha alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo, na wiki moja nyuma lingemtosha. Angeweka chini kila kitu na kwenda kumtafutia Ma Koku kuku mnene. Akamtazama mume wake, akasubiri kuona kama kuna kingine kinachofuata. Hakikufuata.

"Meza hiyo," akawaambia wale vijana.

"Meza pia?"

"Imetoka kwetu Izimbya. Alichonga baba."

Vijana wakaiinua, wakaipitisha mlangoni kwa ubavu, miguu ikagonga fremu. Jovitha akatoka nyuma yao bila kugeuka, akishika kona isiumie. Dastan akabaki katikati ya sebule na kikombe chake cha kahawa ya moto, anakihamisha mkono wa kulia, mkono wa kushoto, mkono wa kulia, anatafuta pa kukiweka.